Noti Moja ya Gaudensia

1

Jumanne tarehe 14 Mei 2069, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, ndipo mambo yangu yalipoharibika. Watu watasema yaliharibika tarehe 28 Machi, siku mke wangu Gaudensia alipofariki. Hapana. Tarehe 28 Machi nilifiwa, na kufiwa kuna utaratibu wake. Watu wanakuja, wanalala chini, wanakupikia uji, wanakwambia jikaze. Hili la Mei halikuwa na utaratibu. Hakuna aliyekuja kunipa pole, maana hata jina lake hakuna aliyelijua.

Nilikuwa buchani kwa Nambunga, soko kuu la Lumango, natafuta mifupa ya supu. Nambunga ni pande la mtu, shingo kama gogo, sharubu zimetambaa hadi mashavuni. Kikausho, ule ugonjwa unaoua sauti, kilimpitia miaka mitatu iliyopita, naye huongea kwa mkufu wa serikali shingoni, kama nusu ya mji huu. Alikuwa amenipa mgongo, anakata nyama kwa shoka. Nikasikia:

"Baba, subiri kidogo, nakuja."

Ilikuwa sauti ya Gaudensia.

Sisemi ilifanana naye. Ilikuwa yeye, pamoja na ule mkwaruzo wake kama mtu anachana kitambaa taratibu. Nimeishi na sauti hiyo miaka thelathini na minne. Niligeuka kumtafuta mlangoni, akili yangu ikiwa imesahau kaburi kabisa. Mlangoni hapakuwa na mtu. Nambunga akageuka na shoka mkononi, na kutoka kwenye ile shingo mke wangu akaniuliza:

"Unataka ya mguu au ya mbavu?"

Nilijikuta nimekaa sakafuni kwenye unga wa mifupa.

"Fundi! Fundi Sigi, vipi, presha?" Akaacha shoka, akaja kuniinua kwa mikono yenye damu ya ng'ombe. "Pole, mzee wangu. Au ni sauti imekushtua? Wametubadilishia mikufu yote leo alfajiri, imejibadili yenyewe tu. Safi, eti? Jana ulikuwa unaniambia rudia, Nambunga, rudia. Leo nasema mara moja, mtu anajibu!"

Akacheka. Akacheka kwa kicheko cha Gaudensia, kile cha kuanza juu na kuishia puani.

"Wewe Nambunga, umemfanya nini mzee wa watu?" aliuliza mama wa mchicha ng'ambo ya njia, naye ana mkufu. Sauti ile ile. Na nyuma yake muuza nyanya, na mpiga debe wa mitumba, na binti anayebishana na muuza viatu kwamba hiki cha kushoto kimebana. Wote yeye. Soko zima lilikuwa mke wangu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ananijua.

Mifupa niliiacha pale pale.

2

Kikausho kilipita Lumango kati ya Februari na Aprili mwaka 2066. Wakubwa walituambia tuchemshe maji. Tukachemsha. Baadaye wakasema samahani, si maji, ni hewa, lakini wakati huo makoo ya watu yalikuwa yamekwisha. Unapata homa siku nne, siku ya tano unaamka, unafungua mdomo kumwita mtu, hakitoki kitu isipokuwa upepo. Gaudensia aliamka hivyo Jumapili moja, sare ya kwaya iko begani tayari.

Mikufu ikaja baada ya mwaka mzima, kwa sherehe na utepe wa kukatwa. Ni ukanda wa mpira wa kuvaa shingoni, una kipaza sauti kidogo kama punje ya mtama. Unanong'ona, wenyewe unakutolea sauti. Lakini sauti yenyewe! Kama mtu aliyefukiwa kwenye tope hadi puani anajaribu kuomba msaada. Watu wenyewe waliiita sauti ya tope, na wenye mikufu wakaitwa redio mbovu. Wakubwa walipoulizwa walisema ni kuzoea tu. Wao walikuwa hawajaivaa.

Nilipofungua mkufu wa Gaudensia kwa bisibisi ya miwani, nilicheka peke yangu. Ndani nilimkuta rafiki yangu wa zamani. Vokoda. Nimepiga kinanda cha umeme Lumango Jazz miaka kumi na minane kabla sijawa fundi redio, na kinanda changu kilikuwa nayo. Tulikuwa tunaongea kwenye kipaza, kinanda kinaimba maneno, watu wanapiga mayowe. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini kitu hicho nakijua kama ninavyoujua mfuko wa shati langu.

Gaudensia alitaka kujua nacheka nini, akaniandikia kwenye kibao chake: *Umeona nini humo?*

"Nimeona kwa nini hawakusikii," nikamwambia. "Sikiliza. Mnong'ono wako una umbo, hauna mwili. Noti ya kinanda ina mwili, haina umbo. Hii mashine kazi yake ni kuzikutanisha. Chukulia kuna mabomba yamepangwa, la sauti nzito huku, la sauti nyembamba kule. Ukinong'ona, mnong'ono wako unaamua bomba lipi lifunguliwe na kwa kiasi gani. Maji yanayotoka ni ya kinanda. Lakini mpangilio wa kufungua ni wako, kwa hiyo anayesikiliza anasikia maneno yako."

Akaandika: *Na wao wameweka mabomba mangapi?*

"Manane."

*Mabahili.*

Hapo ndipo tulipoanza. Miezi saba, kila siku baada ya chai ya asubuhi hadi jua linapoingia karakana. Nilitundika khanga kwenye mlango kama pazia. Gaudensia anakaa upande ule na karatasi ya maneno ishirini, mimi nakaa upande huu simwoni mdomo, naandika ninachosikia. Kwa mkufu wa serikali nilipata maneno tisa kati ya ishirini. Niliongeza mabomba hadi ishirini, nikapata kumi na mawili. Nikaona mabomba yanafunga polepole mno, neno la kwanza linaburuza mkia wake juu ya la pili, nikayafanya yafunge haraka. Kumi na matatu. Nikaiacha ile S na ile SH ya mdomo wake ipite moja kwa moja bila kuguswa, maana hizo hazihitaji mwili, ni upepo tu tangu mwanzo. Kumi na manne.

Kilichobaki kilikuwa noti yenyewe. Noti laini kama filimbi haifai. Ni tamu, lakini mabomba ya juu yakifunguka hayakuti maji, neno linatoka kibogoyo. Nikaweka noti kali, ile ambayo mchoro wake ni kama meno ya msumeno. Kumi na matano, na maneno yana makali kweli, ila Gaudensia alivua mkufu akaandika kwa hasira: *Nyuki kwenye debe. Siwezi kusali na hiki.*

Kupima kila siku tulikuwa na sentensi yetu, niliitunga kwa sababu ina sauti zote ngumu: Shangazi Sesilia kachoma chapati sita. Gaudensia hakuwahi kuisema ikaishia hapo. Kila mara aliongeza mwishoni, *na zote zimeungua*. Namwambia mke wangu, soma kilichoandikwa. Anaongeza tu.

Siku niliyopata jibu nilikuwa sitafuti. Nilikuwa nasafisha kanda za kwaya ya parokia za mwaka 2058, wimbo wa Pasaka. Mwalimu wa kwaya alikuwa akimweka Gaudensia mstari wa nyuma, pembeni kabisa, kwa sababu ya mkwaruzo wake. Alimwambia mbele za watu, "Mama, wewe uimbe ukiangalia ukuta." Siku ile ya kurekodi kipaza kimoja kilianguka, wakakiegemeza huko huko nyuma. Kwa hiyo mwisho wa wimbo, wenzake wote wameishiwa pumzi, kuna mtu mmoja anasikika ameshikilia noti, sekunde tisa nzima. Ni yeye.

Nikakata sekunde mbili. Nikaunga mwanzo na mwisho ili noti isikome. Nikaiweka ndani ya mkufu mahali pa kinanda. Yale makwaruzo ambayo mwalimu aliyatupa ukutani yalikuwa yamejaa kuanzia bomba la chini hadi la juu kabisa, hakuna bomba lililokosa maji. Nikakaa nyuma ya khanga na penseli.

"Sigi," alisema mke wangu, baada ya mwaka mmoja na miezi minane. "Umenenepa."

Sikuandika. Nilishindwa. Akafungua pazia, akanikuta nimeshika penseli, machozi yananitoka, naye akaketi chini mbele yangu.

"Shangazi Sesilia kachoma chapati sita," akasema taratibu, anajisikiliza. "Na zote zimeungua." Akashika shingo yake. "Sigi. Sasa hii sauti ni yangu, au ni yako?"

Nikacheka. Nikamwambia acha maswali ya mahakamani, niambie tunapika nini. Nilikuwa nimesikia kila neno, sawa na ishirini kati ya ishirini, unafikiri nilikuwa na akili ya kujibu?

3

Kutoka sokoni nilikwenda moja kwa moja Ofisi ya Mikufu. Mkuu wake pale Lumango ni Bwana Osmundi Chitanda, mtu wa suti hata kwenye joto. Naye kikausho kilimpitia. Nilikuwa nimelisahau hilo.

"Karibu, Mzee Mkwama," alisema Gaudensia kutoka kwenye tai yake. "Pole sana kwa msiba."

Nikashika kiti. "Naomba uzime hicho kitu."

"Mzee, tuzungumze kama—"

"Zima! Kama una mama, zima."

Akazima. Akavuta karatasi, akaanza kuandika, na mimi nikabaki kufuata kwa kidole, herufi kwa herufi, maana maandishi ya wasomi yana haraka. Ofisi ikawa kimya, kalamu tu na feni. Ilikuwa kama kukaa tena na mke wangu na kibao chake. Hata kumbukumbu hiyo Osmundi hakuniachia.

*Tulidhani utafurahi*, aliandika.

"Nani aliwapa sauti ya mke wangu?"

Akaandika neno moja, akanigeuzia karatasi.

*Wewe.*

Sasa hapa naandika ukweli, ingawa wakubwa hawastahili kuusikia kutoka kwangu. Oktoba iliyopita tulikuja ofisi hiyo hiyo kwa ukaguzi wa mikufu. Gaudensia alisema "Shikamoo" mapokezini, na watu saba waliacha walichokuwa wakifanya. Osmundi alitoka chumbani kwake. Akauliza, kwa sauti yake ya tope, ni nani amefanya hivi. Na mimi, darasa la nne, nimesimama katikati ya wahandisi wenye vyeti ukutani, nikapanua kifua. Niliwaeleza yote, mabomba, mkia wa neno, S na SH. Wakaniita mwalimu. Nilipofika kwenye noti nilitoa mfukoni kadi niliyoihifadhia noti yenyewe nikawaachia, nikasema jaribuni kwenye mashine zenu muone. Sikumwuliza. Gaudensia alikuwa amesimama ubavuni kwangu, sikumwuliza.

Njiani kurudi nyumbani tulipita kituo cha reli. Ndipo akasema, "Leo umenigawa kama karanga." Kesho yake aliniongelesha kama kawaida, nikadhani yamekwisha.

Februari mapafu yake yakaanza kujaa. Barua ya rufaa ya kwenda hospitali kubwa ilikaa siku kumi na moja juu ya meza ya mkubwa mmoja akisubiriwa arudi semina. Siku kumi na moja. Sauti yake walijua kuifikisha kila shingo alfajiri moja. Yeye mwenyewe hawakujua kumfikisha hospitali.

"Irudisheni," nikamwambia Osmundi. "Wawekeeni watu kitu kingine."

Aliandika kwa muda mrefu. *Tulijaribu noti kumi na mbili kabla ya hii. Hakuna iliyoikaribia. Mikufu iliyobadilishwa ni 31,000. Lakini sheria iko upande wako. Sauti ya mtu aliyefariki inahesabiwa kama nguo zake. Anayegawa nguo ndiye anayeamua. Tulipaswa kusubiri muanue matanga, hatukusubiri, na kwa hilo naomba radhi. Ukikataa siku hiyo mbele ya ukoo, nitaizima siku hiyo hiyo na wote watarudi kwenye ya zamani.*

Akafikiria, akaongeza mstari chini. *Mama yake Nambunga alivuja damu nyumbani Novemba. Nambunga alipiga simu ya dharura mara nne. Waliokuwa zamu walikata wakidhani ni mtandao mbovu. Kwa sauti hii wasingekata.*

"Hayo ya Nambunga mlipaswa kuyafikiria mlipoweka mabomba manane," nikasema, nikaondoka. Mlangoni nilimsikia anawasha mkufu kumwita mtu anayefuata. Niliziba masikio, mtu mzima wa miaka sitini na mmoja, nikashuka ngazi zao hivyo hivyo.

4

Matanga tulipanga kuyaanua Jumamosi tarehe 25, tulichelewa kwa sababu ya mvua. Kwa hiyo nilikuwa na siku kumi na moja. Nilijifungia karakana. Nilisema, wao wameshindwa kwa kuwa ni wasomi, mimi nitatengeneza noti isiyo ya mtu.

Nilichukua ile ya msumeno, nikailainisha meno. Nikaongeza vumbi, ule mvumo wa redio isiyo na stesheni, nikaulisha mabomba ya juu tu ili nyuki aondoke kwenye debe. Nikaipandisha isingurume. Nikaichezesha kidogo sana, juu chini, maana hakuna koo la mwanadamu linalosimama wima kama nguzo. Ilikuwa kazi nzuri. Ingekuwepo enzi za Lumango Jazz tungekodiwa hadi Bara lote liishe.

Lakini kupima kunahitaji watu wawili. Nilimwita Alfonsia, mdogo wake Gaudensia, naye ana mkufu. Alikuja akiwa ameuzima mkufu wake, mwenyewe bila kuambiwa, amefunga mtandio juu yake. Akaandika kwenye simu: *Shemeji, nimekuheshimu. Nipe hiyo yako nivae.*

Akakaa upande ule wa khanga, mimi upande huu na penseli. Maneno ishirini. Nikapata kumi na saba.

Tukarudia Jumatano. Kumi na saba. Alhamisi, kumi na saba. Sauti ilikuwa safi, haikuwa ya mtu yeyote, ningeweza kuisikia buchani nikanunua mifupa yangu nikaenda. Maneno matatu tu yalipungua. Ijumaa jioni niliiangalia ile karatasi nikaona yaliyopotea: *sita*, *shoti*, *kifafa*. Na kesho yangekuwa mengine. Mtu akipiga simu ya dharura, nani anamchagulia maneno matatu ya kupoteza?

Alfonsia akavua ule wangu, akavaa wake, hakuuwasha, akanishika bega, akaenda.

5

Kwetu nguo za marehemu hazigawiwi ovyo. Zinatandikwa mkekani mafungu mawili. Nguo alizokuja nazo kutoka kwao zinarudi kwao, anagawa mjomba wake. Nguo alizopewa na mume anagawa mume. Iko wazi, haina ugomvi, kila khanga mtu anajua imetoka wapi.

Mjomba wake ni Mzee Kolumba, wa miaka themanini na tano, mmoja wa wachache ambao kikausho hakikuwagusa, na anaitumia bahati hiyo bila huruma. Aliendesha shughuli tangu saa mbili asubuhi. "Kitenge hiki cha nani?" "Nilimnunulia mimi." "Weka huku. Na hii sweta?" "Alikuja nayo." "Na alikuja nayo ikiwa na tundu hili, au tundu ni la kwako?" Watu wakacheka. Nilicheka na mimi kidogo, maana Gaudensia angecheka.

Osmundi alikuja saa nne. Alivua viatu, akakaa pembeni ya mkeka na suti yake, fomu mkononi, mkufu umezimwa. Nambunga alikuja pia, ameleta mifupa niliyoiacha. Wote wenye mikufu pale uani walikuwa wameizima, zaidi ya watu thelathini. Alfonsia ndiye aliyepita akiwaomba. Wakawa wanaitikia sala kwa midomo tu.

Mwisho ukabaki mkufu wa Gaudensia. Nilikuwa nimeuweka ndani ya kopo la majani ya chai. Nikautoa, nikauweka katikati, kati ya mafungu mawili.

"Hili ndilo lenye maneno," alisema Mzee Kolumba. "Nani anasema?"

Alfonsia akasogea, akapiga magoti. Akanitazama kwanza. Nikaitikia kwa kichwa. Akawasha.

"Shemeji," alisema, na uani watu waliinamisha vichwa, kuna mama aliyeanza kulia. "Nisamehe kwa ninavyosikika. Mimi nina wajukuu wanne. Miaka miwili nikiwaita walikuwa wanakimbia, wanasema bibi ana zimwi. Tangu Jumanne ile wanakuja. Yule mdogo amelala mapajani kwangu nikimsimulia hadithi, mara ya kwanza tangu azaliwe. Najua ni ya dada. Najua kila nikifungua mdomo nakuchoma. Lakini ukiizima, mimi nitarudi kuwa zimwi."

Nikajibu kitu ambacho sikukipanga, na ninakionea aibu hadi leo.

"Sema Shangazi Sesilia kachoma chapati sita."

"Shemeji..."

"Sema tu. Mara moja."

Alimtazama mjomba wake. Mzee Kolumba alitazama chini. Alfonsia akashusha pumzi, na sauti ya mke wangu ikasema, wazi, kila herufi mahali pake:

"Shangazi Sesilia kachoma chapati sita."

Nikasubiri.

Upepo ulipita kwenye turubai. Nambunga alikohoa bila sauti. Nilisubiri kama mpumbavu, nimeinama mbele, mkono uko sikioni. Alfonsia naye alisubiri, hakujua ninasubiri nini. Alikuwa amemaliza.

Basi ndipo nilipojua kwamba hayupo. Kaburini nilikwenda, udongo nilitupa kwa mkono wangu, sikuwa nimejua. Wamechukua koo lake zima, bomba kwa bomba, na chapati hazikuungua.

"Haya, Sigfrid," alisema Mzee Kolumba, taratibu sasa, utani umemtoka. "Jua linapanda. Niwekee sauti hii kwenye fungu. Ikienda huku, nitagawa mimi, na nakwambia kweli, nitawapa wanangu, siwezi kumnyima Alfonsia. Ikija kwako, utaamua wewe, ukiizika tutakusaidia kuchimba. Lakini mimi siijui imetoka wapi. Pumzi ile alikuja nayo kutoka kwetu, tulimsikia akilia nayo siku amezaliwa. Lakini mkono ulioikata na kuishona ni wako. Sijawahi kuona nguo ya namna hii."

"Na mkufu ni wetu," aliongeza kwa unyonge kijana mmoja wa ofisi aliyekuja na Osmundi, mwenye sauti yake mwenyewe. Osmundi alimkata jicho, akanyamaza.

Ningeweza kusema ni yangu. Neno moja. Ningesema, na soko lingenyamaza, na ningenunua mifupa kwa amani. Ningeweza pia kusema ni yake, alikuja nayo, mgawe. Nikafungua mdomo, nami koo langu ni zima, halijawahi kuumwa hata siku moja, na hakikutoka kitu. Nilichokisikia ni khanga ikifunguliwa mlangoni karakana, na mtu akikaa chini mbele yangu ameshika shingo yake, ananitazama anataka nijibu, na mimi namwuliza tunapika nini.

Osmundi alisogeza fomu juu ya goti. Aliitazama, akanitazama. Kalamu yake ilikuwa imebaki kwa Alfonsia, au labda ilianguka, sikumbuki. Hakuwa na cha kuandikia. Kwa hiyo aliinua mkono shingoni, kwa heshima, kama mtu anavua kofia, akawasha mkufu wake. Uani hakuna aliyejongea. Na Gaudensia, kwa sauti ile ile aliyoniulizia swali lake kule karakana, akasoma mstari wa juu wa fomu:

"Mwenye sauti hii ni nani?"